Barua Kumi na Moja

Wiki mbili zilizopita mhadhiri msaidizi mmoja, kijana mwenye akili na bidii, aliingia ofisini kwangu akiwa na karatasi mbili mkononi. Alikuwa ameandika barua ya malalamiko dhidi ya mwenzake wanayetumia naye chumba kimoja, akaniomba niipitie. "Kiswahili tu, Dokta," alisema, "yaliyomo nimeshayamaliza." Niliisoma. Kiswahili chake kilikuwa safi. Ilikuwa na kumbukumbu namba, ilikuwa na "YAH" iliyopigiwa mstari, ilikuwa na ile sentensi yetu isiyochoka, "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na chini kabisa ilikuwa na nakala kwa watu wanne. Nilimwongezea mkato mmoja. Kisha nikamwomba aiache mezani kwangu kwa siku chache, nikamsimulia habari ambayo leo naiandika hapa, kwa kuwa nadhani haimhusu yeye peke yake.

Nianze kwa kusema mimi ni nani katika habari hii. Mimi ni Mpare. Msomaji wa Kitanzania ameshaanza kutabasamu, na sina namna ya kumzuia: watani wetu husema kwamba Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani kumdai kuku. Mwenzangu, ambaye sitamtaja jina, ni Mchaga, na baina ya makabila yetu mawili utani ni wa tangu enzi za mababu. Katika chuo tulichokuwa tukifundisha wakati huo, ambacho si hiki nilichopo sasa, utani huo ndio uliotufanya marafiki. Akiniona natoka kwa mhasibu huniuliza nimemfungulia nani kesi leo. Nami nikimwona anahesabu chenji ya chai huwaambia waliopo kwamba Mchaga akizimia haitwi daktari, inadondoshwa sarafu karibu na sikio lake. Alinizidi miaka mitano hivi, kwa hiyo mbele za watu nilimwita kaka, na yeye aliniita mtani, hata baada ya mimi kurudi na shahada ya uzamivu ilhali yake ilikuwa bado inamsumbua.

Mwezi Februari mwaka 2016 idara ilikaa kupitia matokeo ya muhula. Somo lake lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini, hakuna aliyefeli, na alama za juu zilikuwa nyingi kuliko ilivyozoeleka. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye maoni. Nikanyoosha mkono nikasema, "Ndugu mwenyekiti, haya si matokeo, hii ni sadaka." Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alicheka. Mwenzangu hakucheka, lakini nami sikumtazama kwa muda mrefu, maana msema utani huangalia wale wanaocheka.

Majuma matatu baadaye ulitoka mgawanyo wa masomo wa muhula uliofuata, na mratibu wa ratiba alikuwa yeye. Somo nililolibuni mwenyewe, ambalo nilikuwa nimeliandikia muhtasari na kulitafutia vitabu, lilikuwa limepewa mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimepewa darasa la mwaka wa kwanza, wanafunzi kwa mamia, saa moja asubuhi, siku tatu kwa wiki. Tulipokutana mlangoni alinisalimia, "Habari za asubuhi, Daktari." Hakusema mtani. Msomaji asiyetoka katika desturi ya utani anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Kwetu sisi, mtu akikutukana wewe na ukoo wako kwa utani, bado ni ndugu yako. Siku atakapokuita kwa cheo chako, kwa upole, kaa ukijua kwamba kuna jambo limeharibika.

Nilipaswa kumfuata siku ile ile. Badala yake niliandika barua.

Barua ile ya kwanza ilikuwa na kichwa kisemacho "Ugawaji wa masomo usiozingatia taaluma", na naweza kuikariri mpaka leo kwa sababu nilijivunia. Ilimwendea mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa kitivo. Mwenzangu alijibu kwa barua ndefu kuliko yangu, akaongeza nakala kwa ofisi ya utumishi. Nikajibu majibu. Mtu aliyeajiriwa katika taasisi zetu anaijua safari hii. Barua ya pili haizungumzii tena jambo lililozaa ya kwanza, inazungumzia lugha iliyotumika katika ya kwanza. Ya tatu inalalamikia kuchelewa kujibiwa kwa ya pili. Orodha ya nakala hurefuka kila mara, na kila jina linaloongezwa pale chini ni shahidi ambaye kesho hutaweza kurudi nyuma mbele yake bila kuona haya. Hapo ndipo nguvu ya karatasi ilipo. Mtu akikutamkia neno kali kwa mdomo, anaweza kesho kusema alikuwa na hasira. Akiliandika, likagongwa muhuri na kuingizwa katika jalada, atalazimika kuendelea kuliamini.

Na kuna jambo jingine kuhusu barua ambalo lilinichukua zaidi ya mwaka kuling'amua. Barua ya kiofisi huruhusu maumivu ya aina fulani tu. Huwezi kumwandikia mkuu wa idara kwamba fulani ameacha kukuita mtani. Huwezi kuandika "YAH: KUCHEKWA MKUTANONI". Kwa hiyo unatafuta katika kanuni za utumishi kifungu kinachokaribiana na maumivu yako, unayavisha kifungu hicho, na baada ya miezi michache unasahau kwamba lilikuwa vazi tu. Mimi niligombania somo langu kwa nguvu zote, na ni kweli nililipenda, lakini kama ningerudishiwa somo lile siku ile ya kwanza kwa barua kavu iliyoanza na "Daktari", ningebaki na kidonda kile kile.

Kabla mwaka haujaisha mkuu wa kitivo alichoka, akaunda kamati ya watu watatu, wazee wenye heshima zao, ili watusuluhishe. Tulikaa kama dakika arobaini. Chai ililetwa. Kila mmoja wetu alipewa nafasi ya kusema, lakini tulipoanza kusema tulikatizwa kwa upole: hatuko hapa kufukua, wakasema, yaliyopita si ndwele, ninyi wote ni watu wazima, ni wasomi, mna familia, kazi ni ndefu. Basi yaishe. Tukasimama, tukapeana mikono, mmoja wa wazee akapiga makofi kidogo. Kumbukumbu za kikao ziliandika kwamba mgogoro umemalizika.

Sina nia ya kuwabeza wazee wale, walitaka amani. Lakini neno "yaishe" linastahili kutazamwa kwa makini kuliko tunavyolitazama, kwa kuwa limekuwa ndiyo sera yetu ya usuluhishi, majumbani, maofisini na hata katika vyama vya siasa. Yaishe yapi? Anayesema "yaishe" hajayasikia bado. Anaomba jambo lifikie mwisho bila kupitia katikati. Tunao msemo mwingine wa tabia hiyo hiyo, ule wa kufunika kombe ili mwanaharamu apite, na huwa tunausema kwa kujipongeza kana kwamba ni hekima ya juu kabisa. Mwanaharamu akishapita, kombe linabaki pale pale na kilichomo ndani yake. Wiki mbili baada ya kupeana mikono niliandika barua ya saba, na safari hii nilikuwa na hoja mpya: kwamba mwenzangu amekiuka makubaliano ya kamati. Makubaliano yenyewe, ukweli usemwe, hayakuwapo.

Hapa niseme jambo linalonichoma zaidi kwa sababu linagusa kazi yangu. Ninafundisha historia ya siasa, na muhula huo huo nilikuwa nikifundisha mada ya mageuzi ya vyama vingi, ambayo haiwezi kufundishwa bila Zanzibar. Niliwaeleza wanafunzi habari za muafaka wa mwaka 1999, uliofikiwa kwa msaada wa Jumuiya ya Madola, kisha wa pili wa Oktoba 2001, uliotiwa saini baada ya watu kuuawa Januari ya mwaka huo. Zilikuwa hati zenye vipengele na kamati za utekelezaji, na zote mbili hazikufika zilikokusudiwa. Kisha nikawaeleza kwa mbwembwe siku ya tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana wenyewe Ikulu ya Zanzibar, na jinsi mkutano ule ulivyofungua njia ya kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo zaidi ya asilimia 66 ya waliopiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama walikaa wakaelewana, mbona uchaguzi wa Oktoba 2015 ukafutwa, na huu wa marudio wa Machi ukasusiwa?" Nikamjibu kwamba walioelewana walikuwa watu wawili, mmoja wao akamaliza muda wake na kuondoka, na maelewano ya watu hayageuki kuwa desturi ya taasisi kwa sababu tu yameandikwa katika katiba. Bado naliona ni jibu zuri. Nilitoka darasani nikiwa nimeridhika nalo, nikapita mbele ya mlango wa mwenzangu, uliokuwa wazi, nikageuza uso upande wa ukuta.

Aliyetuokoa, kama neno hilo linafaa, hakuwa na cheo chochote katika orodha ya nakala. Alikuwa katibu muhtasi wa idara, mama wa makamo aliyekuwa hapo kabla yetu sote. Barua zetu zote zilipita mikononi mwake: yeye ndiye aliyezigonga muhuri, akaziandika katika daftari, akatusainisha tunapozipokea. Nusu ya kwanza ya mwaka 2017 nilipompelekea nyingine, aliitazama, akafungua daftari, akahesabu kwa kidole. "Hii ni ya kumi na moja, Dokta. Sita zako, tano zake." Hakuongeza neno. Aligonga muhuri.

Siku chache baadaye zikaja habari kwamba mwenzangu amefiwa na baba yake, huko Rombo. Kama ilivyo ada, mama huyu alipita ofisi kwa ofisi na karatasi ya rambirambi. Nilitoa fedha zangu, tena si haba, nikamkabidhi. Alizirudisha juu ya meza. "Mwanangu," aliniambia, na hakuwa amewahi kuniita hivyo, "rambirambi ya mtu mnayepakana naye ukuta haitumwi. Gari la idara linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri. Nimeshaandika jina lako." Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika. Ukweli ni kwamba nilifedheheka, na fedheha ndiyo iliyonipandisha ndani ya gari lile.

Safari ya kwenda Moshi hupita Same, nyumbani kwetu, na mlima wa Upareni ukawa mkono wangu wa kulia kwa mwendo mrefu. Tulifika Rombo mchana. Chini ya migomba palikuwa na mabenchi, wazee na vyombo vyao vya mbege, na akina mama wakipika. Mwenzangu aliponiona alisimama. "Umekuja," alisema. Nikasema, "Nimekuja, kaka. Pole sana." Mzee mmoja wa ukoo, alipoambiwa mimi ni Mpare, akauliza kwa sauti kama nimekuja kuzika au kufungua shauri la mirathi, na watu wa msiba wakacheka kidogo, naye mwenzangu akacheka. Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Nasisitiza hili kwa sababu tunapenda kusimulia kwamba misiba hupatanisha watu. Msiba ule haukutupatanisha. Ulifanya jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: ulimwezesha mmoja wetu kugonga mlango wa mwenzake.

Aligonga yeye. Ilikuwa baada ya kurudi kutoka likizo ya msiba, jioni, wanafunzi wameshatawanyika. Aliingia, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Nina swali moja tu," alisema. "Ile barua uliandika wewe?"

Nilidhani anazungumzia mojawapo ya zile sita. Nikamuuliza, "Ipi?"

"Ile isiyo na jina."

Sikujua habari za barua isiyo na jina. Nilimwambia hivyo, naye alinitazama kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti. Nikaelezwa kwamba mnamo Januari 2016, mwezi mmoja kabla ya kikao kile cha matokeo, ofisi ya mkuu wa idara ilipokea barua isiyo na sahihi iliyomtuhumu kwamba anawapa alama wanafunzi wa kike kwa malipo yasiyo halali. Aliitwa faraghani. Majalada yake ya mitihani yalichukuliwa, karatasi zikasahihishwa upya na mtu mwingine, wanafunzi kadhaa wakahojiwa. Hakuna kilichoonekana. Lakini kwa majuma yale yote hakulala, na hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe. Na barua ile, alisema, ilikuwa na sentensi moja aliyoikariri: kwamba alama anazigawa kama sadaka.

Neno langu. Nililisema mbele ya watu ishirini, nikicheka.

Neno lenyewe halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa likitumika ovyo katika korido zile; nilikuwa nimelisikia kwa wanafunzi, na pengine hata kwa walimu wenzangu. Lakini mtu aliyekaa kikaoni akiwa amebeba siri ya tuhuma kama hiyo hakuwa na namna ya kulisikia vingine. Kwa miezi kumi na sita aliamini kwamba mimi, mtani wake, ndiye niliyetaka kumwangamiza, na kwamba baada ya kushindwa kwa siri nikaja kumzomea hadharani. Kwa mtu anayeamini hivyo, kuninyang'anya somo lilikuwa jambo dogo sana. Nilimuuliza waziwazi kama mgawanyo ule ulikuwa kisasi. "Ndiyo," alisema. "Nilitaka uonje." Barua zake tano zilikuwa zimekanusha jambo hilo kwa vifungu na vijifungu.

Zamu yangu ilipofika nilijikuta nasema jambo ambalo nami sikuwahi kuliandika katika zangu sita. Nilimwambia kwamba ule haukuwa utani mtupu. Maombi yangu ya kupandishwa daraja yalikuwa mezani kwa mkuu wa idara siku zile, na nilitaka aone kwamba mimi ni mtu mkali, nisiyechezea alama, daktari wa kweli. Nilimtumia rafiki yangu kama ngazi, na kicheko cha watu kikanifichia jambo hilo hata mimi mwenyewe. Nikamwambia pia habari ya "Daktari" na "mtani". Alishangaa. Alidhani kuniita Daktari kulinifurahisha.

Tulikaa pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama taa zimesahauliwa. Hatukuamua nani ana haki. Kila mmoja aliwajibika kusema alichokisikia siku ile, siyo alichosema mwenzake, na tofauti kati ya hayo mawili ndiyo iliyokuwa mgogoro wenyewe. Kamati ya wazee haikuweza kuifikia, si kwa sababu walikosa hekima, bali kwa sababu tulikwenda mbele yao na mavazi yetu ya vifungu, nao wakatuomba tuyavue na kuyakunja bila kumwonesha mtu yeyote mwili wenye jeraha.

Naomba nieleweke hapa, maana najua wako watakaoyachukua maneno haya na kuyapeleka pabaya. Sisemi kwamba malalamiko ya kazini yasiandikwe. Sheria zetu zenyewe zinatambua thamani ya kuzungumza: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, huanza na usuluhishi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka huo huo humpa msuluhishi siku 30 kabla shauri halijasonga mbele. Lakini mimi na mwenzangu tulikuwa watu wa kimo kimoja. Hakuna kati yetu aliyeshika riziki ya mwingine. Uwezo wake wote juu yangu ulikuwa ratiba ya saa moja asubuhi. Pale ambapo mmoja ana mamlaka na mwingine hana, "kaeni mzungumze" huwa ni njia ya kumnyamazisha mnyonge kwa chai na biskuti. Binti anayedaiwa rushwa ya ngono na mwalimu wake hana kikao cha kukaa naye. Ana kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na anastahili mtu wa kumsindikiza mpaka kitumike. Ndiyo maana hata ile barua isiyo na jina, pamoja na madhara yake kwa mwenzangu, siwezi kusema haikupaswa kuchunguzwa. Ilipaswa. Kama tuhuma ingekuwa ya kweli, yule aliyeiandika hakuwa na mlango mwingine. Mwenzangu alikubaliana nami katika hilo, na ni kwa sababu hiyo namheshimu. Alichokikosa ni mtu wa kumwambia, baada ya uchunguzi kumalizika, kwamba umemalizika. Hakuandikiwa hata mstari mmoja. Taasisi iliyotumia karatasi nyingi kiasi kile juu ya ugomvi wetu haikupata karatasi moja ya kumsafisha.

Nani aliiandika, hatukujua, na hatukutafuta.

Ningeweza kuishia hapa na msomaji akaondoka na habari njema. Lakini kulikuwa na mtu wa tatu. Tangu mwaka 2015 mimi na mwenzangu tulikuwa wasimamizi wa tasnifu ya uzamili ya mwanafunzi mmoja, mwalimu wa sekondari kutoka Singida aliyekuwa katika ruhusa ya masomo ya miaka miwili. Yeye alikuwa msimamizi mkuu, mimi msaidizi. Kabla ya ugomvi, tukitofautiana juu ya kazi yake tulimalizana mgahawani. Baada ya ugomvi, mama yule alibeba sura yake ya tatu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, hatua kumi na mbili hivi. Mwenzangu alitaka hojaji. Mimi nilitaka mahojiano. Yeye alisahihisha kwa wino mwekundu, mimi kwa wino wa kijani, na kila mmoja alikata alichokisifu mwenzake. Aliiandika upya mara nne. Hakulalamika hata mara moja; alisema "sawa mwalimu", akakusanya karatasi zake, akaenda. Januari 2017 ruhusa yake ilikwisha, akarudi kituoni kwake kufundisha.

Wiki ile tulipozungumza, tuliitoa sura ile kwenye jalada na kuipitia pamoja. Ilitugharimu chini ya saa moja kukubaliana: hojaji kwa wengi, mahojiano kwa wachache. Tulimpigia simu, tukaweka sauti ya wazi ili atusikie wote wawili. Alikaa kimya, kisha akasema anatushukuru walimu wake, ila ana kidato cha nne mwaka huu na mtihani ni Novemba. Mkopo aliouchukua SACCOS kwa ajili ya ada ulikuwa bado unakatwa kwenye mshahara. Tuliandika barua ya kumi na mbili, sahihi mbili chini ya ukurasa mmoja, kumwomba mwajiri wake amwongezee muda. Mama wa muhuri aliisoma yote kabla ya kuigonga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu. Majibu yalikuja baada ya miezi miwili: nafasi za ruhusa kwa mwaka ule zilikuwa zimejaa.

Yule kijana wa wiki mbili zilizopita alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, huku mara kwa mara akiitazama barua yake mezani. Nilifungua droo nikamwonesha sura ile ya tatu, ambayo niliihama nayo chuo kimoja hadi kingine. Aliifunua taratibu, akasoma pembezoni, wekundu upande huu na kijani upande ule.

"Huyu alihitimu mwaka gani, Dokta?" aliniuliza.